Joka la Kichwa Kimoja

Habari za kifo cha Haluwa zilinikuta nikigombana na mjukuu wangu juu ya majoka. Sifanyi mzaha. Mtoto ana miaka tisa, anasoma skuli hapa Unguja, na mama yake amemnunulia kitabu kinene kilichotoka ng'ambo, picha tupu, majoka ya kijani na ya buluu na ya dhahabu, yote yana mabawa na yote yanatema moto kama jiko la mafuta lililoharibika. Nilimwambia kwamba joka ninalolijua mimi halina bawa hata moja, linakaa majini, na lina vichwa saba. Akanitazama kwa huruma. "Bibi," akasema, "hilo si joka. Hilo limekosewa." Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimjibu, simu ikalia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikanisalimia kwa lafudhi ya Nzuani, ikaniambia kwamba yeye ni binti wa Haluwa, kwamba mama yake amefariki Mutsamudu alfajiri ile na ameshazikwa. Nikaketi. Mtoto akaendelea kugeuza kurasa zake. Yule binti akaongeza kwamba kuna kitu pale nyumbani ambacho mama yake alitaka nikione, na kwamba niende nikipata nafasi. Nilimuuliza ni kitu gani. Akasema nikifika nitakiona.

Basi naandika habari za mwaka mmoja tu. Sitaanza na babu zangu wala sitaeleza nani alimwoa nani, maana nikianza huko sitafika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu zangu hawajui lugha nyingine ya kunisoma, ingawa watu nitakaowataja walisema Kingazija, au Kifaransa walipotaka kuogopwa. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu askari weupe wa kukodiwa watue visiwani kwetu. Waliletwa waiondoe serikali iliyokuwapo, wakaiondoa, watu wakashangilia, kisha wale askari wakakaa. Walivaa nyeusi, walisimamia walinzi wa rais, walipita Moroni na gari lao la wazi, na asubuhi walinunua mkate duka lile lile tulilonunua sisi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimechoka na watu wazima wote, weupe kwa weusi. Uchovu huo haujaniisha mpaka leo.

Haluwa na bibi yake walikaa chumba cha nyuma nyumbani kwetu, chumba ambacho Mama aliwaazima "kwa muda." Walikuwa katika wale waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, baada ya watu wetu kuuawa kule, na Moroni waliwapachika jina la ndege iliyowaleta, wakaitwa hivyo mchana na jioni, utadhani ndege ndiyo iliyowazaa. Bibi yake tulimwita Dadi, kama wanavyoitana kule. Alikuwa ameshuka na kifurushi kimoja: leso mbili, mbuzi ya kukunia nazi, na msahafu. Chumba kilinuka moshi na majani ya muhogo yaliyotwangwa. Wali ukishapakuliwa, Dadi alimimina maji juu ya ukoko uliobaki chini ya sufuria, akayachemsha mpaka yakawa rangi ya chai, akayanywa taratibu huku amefumba macho. Mama aliyaona, akaja kusimulia sebuleni kwamba watu wa Majunga wanakunywa masufuria. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Wafanyeje? Walikuja mikono mitupu." Ukuta wa kile chumba ulikuwa wa mabati, na Dadi hakuwa kiziwi. Mimi nilikuwa nimekaa katikati, nikisikia huku na huku.

Sasa Mesye. Ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu wa Kifaransa, Mfaransa kijana, mwembamba mwenye ndevu chache alizozishughulikia sana. Mwaka ule alitupeleka kaskazini ya kisiwa, pwani, kutazama mawe makubwa yaliyochongoka ambayo Wafaransa wameyaita mgongo wa joka. Sisi tulikuwa tukiyaita mawe. Mesye alisimama mbele yake kwa furaha kubwa akatuuliza wazee wetu wanasimulia nini juu ya joka hili. Tukatazamana. Hapakuwa na mzee yeyote aliyesimulia lolote, lakini mwanafunzi mmoja, kwa kumwonea huruma, alisema kwamba joka lilikuwa likimlinda sultani, na Mesye akaandika. Alirudi Moroni na mchanga viatuni na azma ya kutoa kitabu cha hadithi za kwetu kwa ajili ya vijana. Akauliza darasani nani anajua hadithi ya joka, ya kweli. Haluwa akanyoosha mkono. Alikuwa hajawahi kuunyoosha tangu mwaka uanze, kwa sababu kila alipofungua kinywa kuna aliyeiga mlio wa ndege. Alisema bibi yake anaijua hadithi ya joka la vichwa saba. Mesye akaahidi mbele yetu sote: itachapwa, na jina la msimulizi litawekwa kwenye jalada.

Nilikuwepo Haluwa alipomweleza Dadi. Bibi alikuwa akikuna nazi. Aliacha, akafuta mikono, akauliza, "Jina langu?" Haluwa akasema ndiyo. "Zaliha binti Mdahoma? Lote?" Lote, Dadi. "Na litaonekana hata hapa Moroni? Hata kwa hawa wa sebuleni?" Haluwa akasema hata Paris. Dadi akarudi kwenye nazi yake, lakini aliikuna vibaya, akajikata kidole. Jioni ile alimwambia Mama, kwa heshima zote, kwamba kuna kitu alikuja nacho kutoka Majunga ambacho watu wa ndege hawakukipima. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilijua kwamba akinyimwa jina lile hatakuwa na kingine cha kuwaonyesha.

Kukawa na tatizo, kwani lini hakukuwa na tatizo? Mesye alikuwa na nafasi Jumatano alasiri tu, na usiku hakutaka kupita vizuizi vya barabarani. Dadi naye hasimulii hadithi mchana. Kwao, na hata kwetu zamani, anayesimulia jua likiwa juu anajitakia msiba nyumbani. Wiki mbili nilitumwa kati yao kama tarishi. Mesye akasema mwambie hii ni sayansi. Dadi akasema mwambie huyo sayansi naye aje usiku. Mesye akasema labda afupishe. Dadi akauliza afupishe vichwa vingapi. Nilitaka kulia. Mwishowe Haluwa akatoa shauri: kama usiku hauwezi kuja kwa Mesye, tuutengeneze. Dadi alifikiri sana, akakubali, kwa sharti kwamba jua lisiingie hata kwa tundu la sindano.

Jumatano ile tukafunga nyumba. Tulifunga madirisha yote ya sebuleni na mbao zake, tukaziba nyufa kwa matambara, tukatundika blanketi mlangoni, tukawasha taa ya mafuta. Ilikuwa saa tisa alasiri, Disemba, joto la kukaanga yai. Watoto wa mtaa walikuja kama kumi na tano, maana Dadi alisema hadithi bila waitikiaji ni kuongea na nazi. Mama alikaa pembeni akijipepea kwa ufuniko wa sufuria. Mesye alivua miwani kila baada ya dakika moja kufuta jasho, na kinasa sauti chake kilikuwa mbele ya Dadi juu ya kigoda. Dadi alikuwa amejifunga leso yake nzuri. Akauliza kama nje ni usiku. Tukajibu sote, kwa sauti moja, kwamba ni usiku. Akaanza.

Mji mmoja, akasema, ulisumbuliwa na nguruwe mwitu waliokula mihogo ya wenyeji. Watu wakashindwa. Wakaliita joka la vichwa saba lililokuwa likikaa kisimani mbali, lije liwafukuze. Joka likaja, nguruwe wakaisha kwa siku moja. Watu wakapika wali, wakashukuru, wakaliambia joka sasa nenda kwenu. Kichwa cha kwanza kikasema, mimi niko tayari kwenda, lakini hawa sita hawajala. Hapo watoto walicheka mpaka taa ikayumba. Joka likaingia kisima cha mji. Kila kichwa kikawa na matakwa yake: hiki kinataka maziwa, hiki mchele, hiki kuimbiwa, na cha saba kinataka msichana mmoja kila mwaka, awe wa kukitafutia chawa, ingawa joka halina nywele. Kila Dadi alipotaja kichwa, tuliitikia kwa mngurumo wake. Mpaka akachaguliwa msichana asiye na watu, mgeni wa mji, maana nani angemlilia. Msichana akakaa ukingoni mwa kisima akauliza swali moja tu: nimwamkie nani kwanza, mkubwa wenu ni yupi? Vichwa saba vikajibu pamoja, ni mimi. Tukapiga kelele zote saba. Na hapo ndipo mlango ulipogongwa kwa buti.

Hebu fikiria walichokiona kutoka nje. Moroni, alasiri, kila nyumba madirisha wazi watu wapate pumzi, isipokuwa moja, iliyozibwa mpaka kwa matambara. Gari la Mfaransa liko mlangoni. Ndani kuna sauti ya mtu mmoja ikisema, na umati ukiitikia kwa pamoja kwa hasira. Hata mimi ningegonga. Walinzi wawili wa kwetu waliingia, na mweupe mmoja akabaki kwenye gari lao akivuta sigara. Blanketi likaanguka, jua likaingia lote, na Dadi akafunika uso. Mlinzi akauliza mkutano huu ni wa nini. Mama akasema ni hadithi. Akauliza kwa nini mmefunga. Mama akasema kwa sababu ni mchana. Mlinzi akamtazama Mama kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta maana ya jibu lile na kuikosa, na yeye ni Mngazija, anajua fika kwa nini hadithi haisimuliwi mchana, lakini mweupe alikuwa akimsubiri nje na hilo ndilo lililomsahaulisha. Wakachukua kinasa sauti. Mesye alilalamika kwa Kifaransa safi, wakamwambia aende nyumbani. Baadaye wakubwa wake walimwambia atulie, akatulia vizuri mno.

Siku ya pili aliitwa Mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa wajomba, na alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili, aliyepiga pasi hata leso za mkononi. Alinichukua mimi ili waone kwa macho yao kwamba ni jambo la shule. Ofisini palikuwa na feni, meza, kikombe cha kahawa chenye ukoko wa sukari, na yule mweupe wa sigara, ambaye hakujua neno la Kingazija. Kinasa sauti kilikuwa mezani. Mjomba alitakiwa atafsiri. Mkanda ukazunguka, sauti ya Dadi ikajaa chumba kile, tulivu, na Mjomba akaanza kutokwa na jasho shingoni. Dadi akasema wakaliita joka. Mjomba akasema kwa Kifaransa, joka likaja lenyewe. Dadi akataja nguruwe waliofukuzwa kwa siku moja. Mjomba akasema, hapa anaeleza mandhari. Dadi akasema vichwa saba. "Kichwa," akasema Mjomba. Watoto kwenye mkanda wakacheka na mweupe akauliza wanacheka nini. Mjomba akasema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Naapa yule bwana akaanza kupendezwa. Akainua uso akauliza, "Lina mabawa?" Mjomba akasema, "Ndiyo, mkuu, mabawa makubwa." "Na moto?" "Moto tele." Akatabasamu, akasema alipokuwa mdogo alikuwa na kitabu cha namna hiyo. Nilimtazama yule mtu mzima mwenye bastola kiunoni akikumbuka kitabu chake, na Mjomba akimwongezea moto, na sauti ya Dadi ikiendelea kusema kweli tupu chini yao, na nilitaka kuipindua ile meza. Kisha uso wake ukabadilika. Akauliza huyu bibi ni nani, jina lake nani, ametoka wapi. Mjomba akanibonyeza kiatu. Akasema bibi ni mzee tu, akili zimepungua, anarudia aliyofundishwa. Aliyetunga ni huyu mtoto, kwa ajili ya shule. Mweupe akanigeukia. "Ni kweli, msichana? Wewe ndiye uliyemfundisha?"

Nikasema ndiyo. Ni mimi niliyemfundisha.

Njiani Mjomba alinunua karanga akanipa fungu zima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema tumemwokoa yule mzee. Inawezekana. Sijui hata leo kama tulimwokoa Dadi au tulijiokoa sisi, na yeyote atakayeniambia ana hakika namwona mwongo. Ninachojua ni kwamba taarifa iliandikwa, ikagongwa muhuri, na baada ya hapo kila kitu kililazimika kufanana na taarifa. Mesye alipotaka kuendelea na kitabu, Mjomba alimtaka atumie hadithi kama ilivyo kwenye faili. Mesye akauma ndevu zake akakubali. Mama, kwa upande wake, alianza kusema kwamba anakihitaji kile chumba cha nyuma kwa kuwekea mchele. Hakuna aliyemfukuza mtu. Dadi alifunga kifurushi chake, akaniambia ana jamaa Mutsamudu, akambusu Mama mikono yote miwili na kumshukuru kwa ukarimu, na shukrani ile ilikuwa nzito kuliko matusi. Haluwa hakuniuliza niliulizwa nini ofisini. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama kitabu bado kitatoka. Nikasema kitatoka.

Kikatoka, karibu na mwisho wa mwaka wa masomo. Kilichapwa Ufaransa. Kwenye jalada kulikuwa na joka la kijani, kichwa kimoja, mabawa kama ya popo, linatema moto, na nyuma yake volkano yetu ya Karthala imefunikwa na theluji. Theluji! Chini yake, kwa herufi nyeusi, jina langu. Mjomba alinunua nakala sita akazigawa. Likizo ile alikuwa na kazi ya serikali Nzuani, nikamwomba anichukue, nikakiweka kitabu kimoja mfukoni mwa begi. Mutsamudu vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na niliuliza nyumba ya watu wa Majunga mara nne kabla ya kuonyeshwa ngazi ya mawe. Juu palikuwa na chumba kimoja chenye harufu ya karafuu kutoka ghala la chini. Haluwa alikuwa amejifunga kitambaa chekundu cha wanawake wa kule, amerefuka, na ameshaanza kusema Kinzuani kwa haraka ya kunikomoa. Dadi alikuwa amekonda. Walinipikia ndizi mbichi kwa nazi na samaki wa kuchoma, na mwishoni yale maji ya ukoko, nami nikayanywa yote.

Kisha Dadi akasema, "Kilete." Alishika kitabu kama anavyoshika msahafu wake, kwa mikono miwili. Alisoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko walimu wetu, lakini hizi za Kifaransa hakuzijua hata moja. Picha hakuitazama sana. Nadhani alidhani ni ndege. Akanipa kidole chake cha shahada, kile chenye kovu la mbuzi ya nazi. "Nionyeshe nilipo," akasema. Nilikishika kidole kile. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikiweka juu ya jina langu, nikakipitisha herufi kwa herufi, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. "Zaliha binti Mdahoma," nikasema. Dadi akauliza, "Lote?" Nikasema lote. Akacheka kwa furaha, akanibusu kichwani, akasema sasa wa sebuleni waseme. Haluwa alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Yeye alijua kusoma. Aliniangalia, akaangalia jalada, kisha akaokota sahani akaenda kuziosha.

Kitabu niliwaachia. Haluwa hakuniandikia, nami sikumwandikia. Nilisikia Dadi amekufa kabla mvua hazijaanza. Niliolewa Unguja, nikafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna mzazi aliyeniambia, kwa furaha, kwamba mimi ni mwandishi, na kila mara nilitaka kumfungia mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda Mutsamudu kutoa pole. Ngazi ni ile ile, magoti yangu ndiyo mapya kwa ubaya. Binti wa Haluwa, mwalimu naye, alinikaribisha kwa adabu, akanipa chakula, akasubiri nimalize. Kisha akaleta kile kitabu, kimefungwa kwenye leso. Kila ukurasa wenye joka, mtu alikuwa amechora vichwa sita kwa kalamu ya wino, kimoja baada ya kingine, shingo ndefu, meno, kila kimoja na sura yake. Mabawa yamekatwa kwa mistari. Moto umegeuzwa maji ya kisima. Hata theluji ya Karthala imepakwa ikawa nyeusi. Nikarudi kwenye jalada. Jina langu lilikuwepo, halikuguswa. Juu yake, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, palikuwa pameandikwa Zaliha binti Mdahoma.

"Mama alisema aliliandika jioni ile ile ulipoondoka," binti akasema. "Dadi alikuwa amelala. Alisema bibi yake ameambiwa limo, basi lazima liwemo."

Nilikasirika, nitasema ukweli, nilimkasirikia Haluwa kwa kukaa na kitabu hiki maisha yake yote bila kunipigia kelele, angalau tungegombana, tukamaliza. Kisha nikamwomba yule binti kalamu, nilifute langu.

Alikichukua kitabu mkononi mwangu, polepole, akakifunga tena kwenye leso.

"Hapana, mama," akasema. "Kimeshasahihishwa."